UZI: Mabasi ya ghorofa ya Uingereza, tuache picha ya kwenye kikombe tufungue boneti

FundiPropela

Wakuu salaam.

Kila likitajwa basi la ghorofa la Uingereza, picha inayokuja kichwani ni ileile: jekundu, mgongo wa mviringo, nyuma hakuna mlango, konda kashika nguzo. Hilo ni Routemaster, na ni toleo moja tu katika ukoo mkubwa. Juzi humu mtu katupia picha ya Daimler Fleetline akaandika Routemaster, na watu kibao wakaitikia. Nikaona hapana, hili lina uzi wake.

Natanguliza msimamo ili anayetaka kubisha ajipange. Routemaster lilitengenezwa vizuri kuliko basi lolote la wakati wake, lakini halikuacha mtoto. Mabasi ya ghorofa yanayotembea leo yametokana na mawili ambayo watalii hawahangaiki kuyapiga picha: Bristol Lodekka na Leyland Atlantean.

Kiini cha habari yote ni propela shafti. Basi la zamani injini iko mbele. Dereva kajitenga kwenye kichumba chake upande wa kulia, boneti iko kushoto kwake. Nguvu inatoka mbele kwenda ekseli ya nyuma kwa shafti inayopita chini ya sakafu, kwa hiyo sakafu lazima ikae juu ya shafti na juu ya difu (yale magia ya katikati ya ekseli yanayogawa nguvu kwa magurudumu). Weka hapo chumba ambacho mtu mzima anasimama wima, halafu weka kingine juu yake, kimo kinafika futi 14 na nusu hivi, yaani mita 4.4. Na Uingereza imejaa madaraja ya reli ya enzi za Malkia Victoria, mengine hayapitishi kitu cha kimo hicho.

Leyland walileta dawa yao mwaka 1927 kwenye Titan TD1. Ghorofani njia ya kupita haikuwekwa katikati. Waliisukuma upande wa kulia wakaishusha ikawa kama mtaro, na siti zikawa benchi za watu wanne wanne. Kimo kikapungua karibu futi moja. Sasa uliza abiria: aliyekaa dirishani kushoto akitaka kushuka anawainua watu watatu. Aliyekaa chini upande wa kulia akiinuka bila kukumbuka, anapigiza kichwa, maana ule mtaro umetokeza kwenye dari lake. Waingereza wamevumilia adha hii zaidi ya miaka 30.

Naweka koma hapa, narudi na Lodekka.

Mlalahoi_Tegeta

Nimeweka kambi. Tiririka mkuu.

SitiYaMbeleJuu

Mkuu shusha nondo, ila usisahau kutuambia zile herufi: RM, RML, DMS. Mimi nazionaga kwenye picha sijui hata zinamaanisha nini.

FundiPropela

Zinakuja. Kwanza Lodekka.

Bristol hawakuwabana abiria, waliibana shafti. Prototaipu ilitoka 1949, uzalishaji ukaenda kutoka 1953 hadi 1968. Shafti ikasogezwa pembeni, na ekseli ya nyuma ikaundwa ikiwa imeshuka katikati: difu iko upande mmoja, na pale katikati pamebaki chini vya kutosha sakafu ya njia kupita juu yake. Kutoka jukwaa la nyuma unaingia ndani bila kidato. Kimo kikawa futi 13 na inchi 5 hivi, na ghorofani njia iko katikati kama kawaida, kila mtu anashuka bila kumsumbua jirani. Bodi zilifungwa na kiwanda cha ECW pale Lowestoft, injini nyingi zilikuwa Gardner.

Matoleo yake ni rahisi kukariri. LD ndiyo ya mwanzo. Ikafuata familia ya F yenye sakafu bapa kabisa: herufi ya pili S ni fupi, L ni ndefu, na ukiona F ya tatu ujue mlango uko mbele. Kwa hiyo FLF ni ndefu yenye mlango mbele, siti 70. Yalitengenezwa zaidi ya 5,200.

Kichekesho kimoja. Bristol waliingizwa kwenye mali ya umma mwaka 1948, na hadi 1965 hawakuruhusiwa kumuuzia yeyote nje ya makampuni ya serikali. Yaani una basi bora sokoni halafu huruhusiwi kuliuza! Kampuni nyingine iliyolitaka ilikwenda kununua Dennis Loline, ambalo ni Lodekka lililoundwa kwa leseni kuanzia 1956.

Atlantean ndilo lililopindua meza. Lilizinduliwa 1958. Injini imehamishiwa nyuma kabisa, imekaa kwa mkingamo nyuma ya ekseli, kwa hiyo ile shafti ndefu chini ya abiria haipo tena. Mlango umekwenda mbele ya ekseli ya mbele, mbavuni mwa dereva. Siti 78, wakati mabasi mengi ya London ya wakati huo yalikuwa na siti 56. Dereva anachungulia ghorofani kwa kioo cha periskopu kilichofungwa juu ya kichwa chake, anaona wanaosimama na wanaofanya fujo.

Halikuwa kamili. Ekseli yake ya nyuma ilikuwa ya kawaida, kwa hiyo aliyetaka la kimo kifupi alirudishiwa ule mtaro wa pembeni kwenye siti za nyuma za ghorofani. Daimler wakaliona pengo hilo, wakatoa Fleetline mwaka 1960: injini nyuma vilevile, Gardner, lakini ekseli imeshuka katikati kwa staili ya Lodekka. Hapo ndipo mawazo mawili yalipokutana kwenye basi moja.

Mkaazi_wa_Leicester

Ahsante sana kaka kwa darsa, lakini Routemaster umelionea. Mimi niko huku miaka mingi na mabasi ndiyo maradhi yangu, basi niruhusu nilitetee kidogo.

Wakati wa vita vya pili, London Transport, shirika la usafiri la London, waliingizwa kwenye kundi la viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege za Halifax. Mafundi wa mabasi wakajifunza kufanya kazi na aluminiamu na ripiti. Vita vilipokwisha, timu ya mhandisi mkuu A.A.M. Durrant, akiwemo Colin Curtis, ikauhamishia ujuzi ule kwenye basi. Routemaster halina chesesi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Mbele inafungwa fremu ndogo inayobeba injini, steringi na magurudumu ya mbele. Nyuma inafungwa nyingine ya ekseli. Umbo la nje na mapambo ya ndani akapewa Douglas Scott.

Matokeo yake yaangalie kwenye mizani. Basi la RT lililotangulia lilikuwa na siti 56 na uzito wa tani 7 na nusu hivi. Routemaster lina uzito kama huo huo na siti 64. Nane za bure! Halafu magurudumu ya mbele kila moja lina springi yake ya koili, steringi ina pawa, breki za haidroliki, giaboksi otomatiki, pedali ya klachi hakuna. RM1 liliingia barabarani Februari 1956. Madereva wa lori wa mwaka ule walikuwa wakipigana na steringi kwa mabega.

Na jengine: vipande vyote viliundwa kwa vipimo sawasawa, kwa hivyo vinabadilishana. Pale karakana ya Aldenham basi likiingia kwa matengenezo makubwa, bodi inainuliwa, fremu zinakwenda zao, na linalotoka na namba ile ile huenda lina bodi ya basi jengine kabisa. Wapenzi wa mabasi mpaka leo wanabishana basi fulani ni lipi hasa.

KondaMstaafu

Konda wa Routemaster alikuwa na kamba ya kengele ikipita darini. Mara moja simama, mara mbili ondoka, mara tatu limejaa usisimame kituoni. Dereva yuko kwenye kibanda chake huko mbele, hamwezi kuongea. Sisi tulikuwa tunagonga bodi kwa kiganja, habari ni ile ile.

FundiPropela

Mkaazi_wa_Leicester, sijapinga hata neno moja. Uhandisi wake naupigia saluti. Ninachosema ni mpangilio: injini mbele, mlango nyuma, watumishi wawili. Mpangilio huo ulikuwa unakufa wakati basi lenyewe linazaliwa.

Sasa herufi alizoomba SitiYaMbeleJuu. Routemaster zilitengenezwa 2,876 hadi mwaka 1968, zile fremu za kubandika na injini zikiwa za AEC wa Southall, bodi ya Park Royal. RM ndiyo ya kawaida, urefu futi 27 na nusu, siti 36 juu na 28 chini. RML ni ile ile imerefushwa hadi futi 30, siti 72, na zilikuwa 524. Kuitambua ni sekunde moja: katikati ya ubavu kuna dirisha dogo karibu mraba, juu na chini, limechomekwa pale walipoongeza urefu. RMC na RCL ni za safari za nje ya mji, zina mlango unaofungwa nyuma na siti chache zaidi zenye nafasi. RMC siti 57, RCL siti 65. Shirika la ndege la BEA lilikuwa na zake 65 zenye mlango mbele, zikivuta tela la mizigo kwenda Heathrow. Na kampuni pekee nje ya London iliyonunua mpya ni Northern General kaskazini mashariki, mabasi 50, mlango mbele, injini za Leyland.

Kituko ni FRM1 ya mwaka 1966. Hiyo ni Routemaster yenye injini nyuma na mlango mbele. Moja tu. London wenyewe walishaona upepo unakoelekea.

Julai 1966 sheria iliruhusu dereva peke yake kuendesha basi la ghorofa bila konda. Kuanzia 1968 serikali ikatoa ruzuku ya kununua mabasi mapya, kwanza robo ya bei, kisha mwaka 1971 nusu ya bei, kwa sharti basi lifae kuendeshwa na mtu mmoja. Nusu ya bei! Nani atanunua injini mbele? Leyland wakafunga hesabu za Titan 1969. Fundi hakulishinda Routemaster, aliyelishinda ni mhasibu.

Mkaazi_wa_Leicester

Hapo umenipa silaha mwenyewe. London walipokwenda na upepo wakanunua Fleetline 2,646, ndizo hizo DMS. Zikaingia kazini Januari 1971. Ndani waliweka mashine ya kupokea sarafu yenye kizuizi cha kuzunguka, abiria ajilipie mwenyewe apite. Mashine zikawa zinakwama, watu wanajazana mlangoni, basi limesimama kituoni linanguruma. Mwaka 1979 wameshaanza kuziondoa. Za mwisho ziliaga Januari 1993.

Routemaster? Miaka ya 1990 zikabadilishwa injini zikawekwa Cummins na Iveco, kiwanda cha AEC chenyewe kilishafungwa 1979, zikaendelea na kazi. Siku ya mwisho ya huduma ya kawaida, njia 159, ni tarehe 9 Desemba 2005. Baba kawazika watoto, kaka.

Mlalahoi_Tegeta

😂😂 Hapo FundiPropela ajibu.

FundiPropela

Najibu. DMS hazikufa kwa ubovu wa kuzaliwa, zilikufa kwa kukosa daktari. Aldenham ilijengwa kwa mabasi yaliyofanana, yanayovuliwa bodi na kuvikwa tena. Fleetline haikuundwa kwa mtindo huo. Ukiingiza basi la aina nyingine kwenye mstari ule, kila kitu kinagoma, kuanzia ratiba hadi vipuri. Ushahidi ni huu: London walipoziuza, wenye mabasi wa mikoani na hata Hong Kong walizinunua wakazitumia miaka mingi tu, kwa gereji za kawaida.

Angalia pia waliofuata. Leyland Olympian ya 1980, ambayo Volvo waliirithi wakaiendeleza hadi 2000: injini nyuma, mlango mbele. MCW Metrobus: hivyo hivyo. Dennis Trident ya mwishoni mwa miaka ya 1990, Enviro400 ya 2005: hivyo hivyo, na sakafu sasa imeshuka kabisa, mwenye kiti cha magurudumu anaingia kwa rampu. Kanuni za mwaka 2000 zilitaka mabasi yote ya ghorofa ya huduma za kawaida yafikie hapo kabla ya 2017. Jaribu kuingiza kiti cha magurudumu kwenye Routemaster uone.

DadaMizani

Samahani kuwakatiza kaka zangu. Swali la anayeogopa: hivi halipinduki? Juu kukiwa kumejaa na chini hakuna mtu, likikata kona inakuwaje?

Mkaazi_wa_Leicester

Dada, suala hilo lina mtihani wake. Kila muundo mpya unapandishwa kwenye jukwaa linaloinama. Ghorofani wanaweka uzito wa abiria kamili, kila siti, mara nyingi ni mifuko ya mchanga. Chini wanaacha tupu, isipokuwa uzito wa dereva. Yaani hali mbaya kuliko zote, ndiyo hiyo uliyoisema. Halafu jukwaa linainamishwa hadi digrii 28 na basi halitakiwi kupinduka. Ukiona picha yake utadhani inaanguka sasa hivi.

Siri ni kwamba vizito vyote viko chini: injini, ekseli, giaboksi, tangi. Ghorofani ni karatasi za aluminiamu, vioo na siti. Na kusimama ghorofani ni marufuku, ndiyo maana dereva ana periskopu au siku hizi kamera.

Ajali inayotokea mara nyingi zaidi si kupinduka. Ni dereva kusahau kimo akaingia chini ya daraja fupi, paa likabaki huko. Kwa sababu hiyo ndani ya kibanda, mbele ya macho yake, pamebandikwa kimo cha basi kwa futi na inchi.

DadaMizani

Nimeelewa, ahsante. Nitaendelea kukaa chini lakini.

Nairobi_Mtaani

Wadau, sisi pia tunaendesha kushoto, mlango uko upande wetu. Mbona hizi gari zisiletwe used tukazijaza Thika Road? Gari moja inabeba kama matatu tano.

KondaMstaafu

Nyaya za umeme na matawi ya miti kwanza. Fikiria kituo chochote unachokijua, inua macho mita nne na nusu, uhesabu vitu vinavyoning'inia.

FundiPropela

Nairobi_Mtaani, hoja si siti peke yake, ni dakika za kituoni. Basi la ghorofa lina ngazi moja nyembamba, na watu wanaoshuka wanakutana na wanaopanda. Linafaa pale abiria anapokaa safari ndefu kidogo na barabara haina nafasi ya gari refu. Ndiyo maana mwendokasi wa Dar ulioanza 2016 ulikwenda na mabasi marefu ya kuungwa katikati, milango mingi, sakafu sawa na stesheni.

London nao waliyajaribu hayo ya kuungwa, Mercedes Citaro, kuanzia 2002. Wakayaondoa yote kufikia Desemba 2011. Mitaa yao myembamba, kona zao za farasi, gari la mita 18 linaziba makutano. Kila mji na mwili wake.

SitiYaMbeleJuu

Na hii mpya yenye kioo kinachopanda kama mshazari ubavuni? Wanaiita New Routemaster. Hiyo si mtoto wa Routemaster? Umesema halikuacha mtoto.

FundiPropela

Nilikuwa naisubiri hii.

Ile imeundwa na Wrightbus wa Ballymena, sura imechorwa na studio ya Thomas Heatherwick, ikaanza kazi Februari 2012 njia 38. Zilitengenezwa 1,000. Urefu mita 11.23, milango mitatu, ngazi mbili. Hicho kioo cha mshazari kinafuata ngazi. Jukwaa la nyuma waliliacha wazi mchana, na mtu wa kulisimamia, ili lifanane na la babu.

Sasa vua nguo hizo uangalie ndani. Injini ni dizeli ya Cummins ya lita 4.5, imewekwa nyuma chini ya ngazi ya pili, na haizungushi magurudumu. Inazungusha jenereta, umeme unakwenda kwenye betri na mota, mota ndiyo inayosukuma. Mlango wa mbele uko mbavuni mwa dereva. Sakafu iko chini. Hilo ni jukuu la Atlantean lililovaa koti la Routemaster! Na koti lenyewe lilileta kero: madirisha ya ghorofani hayakufunguka, joto likawa la kukaangia, mwaka 2015 ikaamuliwa yawekwe yanayofunguka. Mwaka 2016 wasimamizi wa jukwaa la nyuma wakaondolewa, mlango ukawa unafungwa.

Mkaazi_wa_Leicester

Kwenye joto sikutetei, niliwahi kulipanda mwezi wa saba.

Ila nikuongezee moja inayokupa haki. Haya ya umeme na ya hidrojeni ndiyo yamethibitisha kwamba injini nyuma ilikuwa njia sahihi. Aberdeen walipokea mabasi 15 ya ghorofa ya hidrojeni mwaka 2021, ya kwanza duniani, kutoka Wrightbus hao hao. Mashine kubwa imekaa nyuma pale pale ilipokuwa dizeli. Ungekuwa na mpangilio wa Routemaster ungeyapanga wapi yote hayo, mapajani mwa dereva?

Mlalahoi_Tegeta

Sasa mmekubaliana au bado?

Mkaazi_wa_Leicester

Kwa mpangilio nimekubali. Kwa uzito bado. Routemaster lilikuwa tani 7 na nusu na siti 64. Basi jipya la ghorofa tupu linazidi tani 11 na siti zinazidi kidogo tu, nyingine hata hazizidi. Miaka 60 ya maendeleo, na kwa kila abiria tunabeba chuma zaidi. Hilo mbona hukulisema?

FundiPropela

Kwa sababu lina uzi wake pia. Kiyoyozi, rampu, vioo vizito, vichujio vya moshi, betri, nguvu ya bodi inayotakiwa na kanuni za sasa, kila kimoja kimedai kilo zake. Nitaufungua wiki ijayo nikipata muda, uje na mizani yako.

SitiYaMbeleJuu

Nimerudi kwenye ile picha ya profaili yangu nikaangalia ubavuni. Kuna kidirisha cha mraba katikati, juu na chini. RML!

KondaMstaafu

Siti 72. Kengele mbili, twende.